Kerugoya na Farasi wa Upande wa Pili

Mtanzania aliyeizoea Kilimanjaro hatajiona mgeni Kerugoya. Mlima Kenya uko juu, migomba na kahawa viko chini yake, na asubuhi ya Julai ukungu hautoki mpaka jua limepanda. Mji uko Kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, kwa njia ya Sagana na Kutus. Ukipanda kuelekea msituni unakuta chai, ukishuka Mwea unakuta mpunga wa pishori, na katikati ni kahawa na nyasi za mabingobingo zilizopandwa mpaka ukingoni mwa barabara.

Lakini Mlima Kenya una pande mbili, na historia yake huwezi kuielewa bila kuzitenga. Enzi ya Mwingereza, Kerugoya ilikuwa ndani ya hifadhi ya Waafrika, chini ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga haikuwa wilaya mpaka 1963. Walowezi walikuwa upande wa magharibi: Nyeri, Kiganjo, Naro Moru na Nanyuki. Nyeri ilianza kama boma la kijeshi mwaka 1902, ofisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen alipowapiga Wakikuyu wa huko, na baada ya askari wakaja wenye mashamba.

Wenye mashamba walikuja na farasi. Uwanda wa chini uliwaua wanyama hao kwa maradhi yanayoenezwa na usubi, lakini Nyeri iko juu ya mita 1,700 na Nanyuki inapita 1,900, na baridi ya huko huwapunguza wadudu. Dume wa mbegu aliyeletwa kwa meli mpaka Mombasa alikuwa mali ya kutajwa kwa jina na ukoo. Mwenye naye alitoza ada kwa kila jike aliyeletewa kupandishwa, na watu walimjua baba na babu wa farasi kuliko walivyowajua baba na babu wa vibarua wao. Kulikuwa na mashindano ya mbio, kulikuwa na polo, na Vita vya 1914 vilipoanza, Berkeley Cole, mlowezi wa huko, aliunda kikosi cha Wasomali wapanda farasi.

Aliyenivutia zaidi katika habari hizi ni Raymond Hook wa Nanyuki. Yeye aliona tabu ya kumkinga farasi na maradhi, akageukia punda milia wa Grevy, yule mkubwa mwenye milia myembamba wa kaskazini mwa Kenya. Alimpandisha dume huyo kwa farasi jike, na chotara waliozaliwa, wenye umbo la farasi na milia iliyofifia, wakabebeshwa mizigo ya wapanda mlima. Hesabu ya maumbile ndiyo iliyomshinda: farasi ana kromosomu 64, Grevy ana 46, na mtoto wao kwa kawaida hazai. Kila kizazi ilibidi kianze upya. Kwetu nako, Mjerumani Bronsart von Schellendorff alijaribu kuwafuga punda milia karibu na Kilimanjaro kabla ya Vita vya 1914, naye hakufika mbali. Hook hakukoma kwenye punda milia. Alishiriki kuwapeleka duma Uingereza, na mwaka 1937 duma hao walishindanishwa katika uwanja wa mbio za mbwa wa Romford.

Mavazi ya walowezi nayo yalikuwa na mambo. Waliamini kwamba jua la ikweta linapenya fuvu na uti wa mgongo, hivyo wakavaa kofia nzito za helmeti au za tabaka mbili, na wengine wakaning'iniza mgongoni kipande cha kitambaa kilichoshindiliwa, mara nyingi kikiwa na bitana nyekundu. Juu ya hayo suti nyepesi za kaki au kitani, zilizokatwa na mafundi wa Kihindi wa madukani, ambao kwa koti moja kuukuu la London waliweza kushona jipya lisilotofautiana nalo. Kichekesho ni kalenda. Juni na Julai, miezi ya kiangazi kwao Ulaya, ndiyo miezi ya baridi kali chini ya Mlima Kenya, na kila nyumba ya mlowezi ilikuwa na meko ya kuota moto. Wapishi na wahudumu wao, wenyeji wa bara tupu, walivishwa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu: vazi la mwungwana wa pwani likafanywa sare ya utumishi.

Msituni lilikuwapo vazi jingine. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alipopigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Hakuna suti ya mlowezi inayokumbukwa Kenya kama koti lile.

Leo Kerugoya haina farasi wa kuonyesha. Kazi ya kubeba ni ya punda, hasa Mwea, ambako mikokoteni yao hutoa mpunga mashambani. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini kuanzia 2016, ngozi zikienda China, wizi wa wanyama hao ulizidi mpaka serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020. Dume wa mbegu bado ana heshima yake, ila sasa ni fahali wa Friesian au Ayrshire asiyeonekana: mbegu yake hutoka Kabete, kwenye kituo kilichoanzishwa 1946, ikiwa imegandishwa katika naitrojeni ya majimaji, na mhudumu wa mifugo huileta kwa pikipiki mpaka kwenye banda la ng'ombe wawili. Ng'ombe wa aina hiyo walikuwa karibu wote wa Wazungu mpaka mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia njia wakulima wa Kiafrika. Mafundi cherehani nao wapo barazani, wengi wakishona sare za shule, na sokoni nguo zinazogombewa ni sweta na makoti ya mitumba.

Msomaji wa Dar es Salaam au Tanga anayepanga safari ya Julai aache shati la kitani nyumbani. Akitaka kuona farasi, aende Nanyuki. Akitaka kuona jinsi mkulima mdogo anavyoishi kwa ekari mbili za kahawa na ng'ombe wa maziwa, Kerugoya inatosha.