Mtani hutukana, kisha huchimba kaburi

Utani ni uhusiano wa kimila unaompa mtu ruhusa ya kumkejeli mwenzake, kumwita mtumwa wake, kumpokonya kitu kidogo mkononi na kumsema vibaya mbele za watu, huku anayetendewa hivyo akiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni yake. Kwa Watanzania neno hili lina maana mbili zinazopakana. Ipo mizaha ya kawaida ya marafiki, na upo utani wa jadi, ambao mtu hauchagui bali hurithi pamoja na kabila au ukoo wake. Huu wa pili ndio ghala la yale ambayo makabila yamesemeana kwa miaka mingi: Mchaga na pesa, Mpare na ubahili, Mhehe na kamba ya kujinyonga.

Kabla ya kufika kwenye makabila, utani huanzia nyumbani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumlalamikia kwamba siku hizi hamletei hata nyama. Babu humwambia mjukuu wa kike kuwa ndiye mke mdogo, maana yule mkubwa ameshachoka na ugali wake hauivi. Watoto wa mjomba na shangazi hutaniana, mashemeji hutaniana, na wifi anaweza kumwambia wifi yake maneno ambayo yakitoka kinywani mwa mtu mwingine yangeitisha kikao cha ukoo. Lakini kwa mkwe mlango hufungwa. Mama mkwe hataniwi, na katika jamii nyingi mkwe wa kiume humpisha njia, hali naye chakula wala hamkazii macho. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika andiko lake la mwaka 1940, aliona kwamba kutania na kuogopana hivyo ni njia mbili za kutatua tatizo moja. Watu waliounganishwa na ndoa wana sababu za kupendana na sababu za kugombana kwa wakati uleule, hivyo mila huwaambia ama wakae mbali kwa heshima, ama wacheke mpaka ugomvi ukose pa kukaa.

Miaka hiyohiyo R. E. Moreau, aliyejulikana zaidi kwa utaalamu wake wa ndege alipokuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alikusanya maelezo ya utani kutoka makabila mengi ya Tanganyika. Asili alizokuta watu wakizitaja ni zilezile ambazo wazee husimulia hadi leo: vita na safari.

Safari ni za misafara ya karne ya 19. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, hadi Bagamoyo, mwendo wa miezi miwili mitatu kwa miguu. Walipita Ugogo na Usagara, wakaingia Uzaramo wakiwa wamechoka, wana njaa, na wengine wagonjwa. Mtu akifa huko, ndugu zake wako mbali mno, na ni nani wa kumzika? Mwenyeji na mpitaji wakawekeana haki: mgeni achume muhogo shambani asiitwe mwizi, na mwenyeji amzike mgeni asiseme si wake. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani mpaka leo, na ndugu zao Wasukuma wameingia humo humo.

Vita navyo vilileta vyake. Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika wakafika Songea katikati ya karne hiyo, walipigana na karibu kila waliyemkuta njiani. Mapigano yao na Wahehe kuanzia mwaka 1878 hayakutoa mshindi wa wazi. Maadui walioshindwa kumalizana wakabaki kutambiana, na majigambo ya vita yakageuka kuwa utani.

Kuhusu maneno yenyewe, si kweli kwamba yametoka hewani. Mengi yana kipande cha historia ndani yake, kimekunjwa na kugeuzwa hadi mwenyewe hakitambui. Wapare hutaniwa na Wachaga kwamba wanapenda kesi, kiasi kwamba Mpare anaweza kuuza ng'ombe ili apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Anayetafuta mahali pa kuanzia anaweza kutazama Januari 1945, pale maelfu ya Wapare walipokwenda makao makuu ya wilaya, Same, na kupiga kambi kupinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Hawakubeba silaha. Walikaa, wakadai, wakakataa kuondoka, na hatimaye kodi ile ikafutwa. Mtani akikiona kisa hiki anacheka: si nilisema? Mwanahistoria Isaria Kimambo alikiandikia kitabu, akakiita upinzani wa wananchi dhidi ya ukoloni.

Mpare naye hulipiza. Mchaga akizimia, husema, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Asipoamka, ita watu wa kuchimba kaburi. Nyuma ya kichekesho hiki kuna kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, wakauza zao lao kwa pamoja na kuzishika fedha taslimu mapema kuliko majirani wengi. Wahaya, ambao huitwa "nshomile", yaani nimesoma kwa lugha yao, walikuwa na kahawa na pia shule za wamisionari tangu miaka ya 1890. Neno lao wenyewe likageuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia.

Kisa cha Wahehe kina uchungu zaidi. Mtawala wao Mkwawa, aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891, alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakachukua kichwa chake, na fuvu lililorejeshwa Kalenga mwaka 1954 linatunzwa katika makumbusho ya hapo. Tendo la mtawala aliyekataa minyororo limeshuka mitaani likawa kichekesho cha Mhehe anayejinyonga kwa sababu mkewe amechelewesha chai.

Cha ajabu kuliko vyote ni cha Wagogo. Kwa miongo mingi wametaniwa kuwa ombaomba, kwa sababu wakati wa ukame watu wa Dodoma walionekana barabarani na mijini wakiomba. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa kinyume. Misafara yote ya njia ya kati ilipita katika nchi yao kavu, visima vilikuwa vyao, na hakuna aliyekunywa maji bila kumlipa mtemi hongo ya vitambaa, shanga au nyaya. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru halali wa njia, si rushwa kama linavyotumika neno hilo leo. Kisha ikaja njaa kubwa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita vya Wazungu kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana. Waliokuwa wakitoza wapita njia wakawa wanaomba, na utani ukakumbuka mwisho wa kisa ukasahau mwanzo wake. Ndivyo kauli za jumla juu ya watu zilivyo: huwa na chembe ya kweli, ila chembe hiyo ni ya mwaka mmoja na hubandikwa kwa kabila zima milele.

Kinachouzuia utani usiwe uchokozi huonekana msibani. Watani hufika wakiangua kilio cha uongo. Mmoja huvaa koti na kofia ya marehemu, akatembea kwa mwendo wake na kukohoa kama yeye, mpaka mjane acheke huku machozi yakimtoka. Mwingine hulala ndani ya kaburi lililokwisha kuchimbwa na kukataa kutoka mpaka atupiwe pesa. Jeneza huzuiwa njiani: huyu tulikuwa tunamdai, hazikwi bure. Familia hutoa kidogo na safari huendelea. Mgeni asiyejua mila hii huona wendawazimu. Lakini ni watani haohao waliokesha, waliochota maji, waliochinja na kupika, na waliochimba kaburi hilo. Wafiwa wameshikwa na majonzi, na ndugu wa karibu wana miiko yao. Mtani ni mtu wa ndani kiasi cha kuaminiwa na wa nje kiasi cha kutofungwa na miiko hiyo.

Kwa baadhi ya jamii kazi hiyo huingia hata kwenye imani. Waluguru huwa na utani kati ya ukoo na ukoo, na majirani zao Wakaguru, kama alivyoeleza T. O. Beidelman mwaka 1966, humtegemea mtani kuondoa uchafu ulioletwa na kifo ili waliobaki warudi kwenye maisha ya kawaida. Katika fikra hiyo kumnyima mtani haki yake ni kujitafutia nuksi. Dini zilizofika baadaye hazikuupokea utani kwa moyo mmoja. Wapo masheikh na wachungaji wanaokemea vituko vya makaburini, na wapo wanaokaa kimya, wakingoja watani wamalize ndipo dua au sala iendelee. Dini zenyewe nazo zimeingizwa kwenye utani. Nyama ya nguruwe, mbali na kuitwa kitimoto, huitwa pia "mbuzi katoliki", na jina hilo huwachekesha Waislamu na Wakristo meza moja.

Ugumu huja maneno yanapotoka nje ya deni hilo la kuzikana. Kwenye posa, kauli kwamba mwanamke wa Kichaga atamuua mume arithi nyumba, au kwamba Mkurya lazima apige, haisemwi tena na mtani. Husemwa na shangazi aliyekunja uso, na uchumba huvunjika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu watu wazima kuoana bila kuangalia kabila, na hata dini zikitofautiana kwa kuwa ipo ndoa ya kiserikali, lakini sheria haiketi kwenye kikao cha ukoo. Ukoo ukiuliza kabila la mchumba kabla ya jina lake, hapo hakuna utani wowote.

Kenya inaonyesha maneno hayo yanakoweza kufika. Huko pia watu huchekeshana kwa makabila, Mluhya na kuku wake, Mkikuyu na shilingi yake, ila hakuna mila pana ya watani wanaodaiana maziko. Katika Bonde la Ufa neno "madoadoa" liliwataja majirani wa makabila mengine kama doa la kufutwa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Sheria ya utangamano ya mwaka 2008 ikaunda tume ya kusimamia utangamano huo, na kabla ya uchaguzi wa 2022 tume hiyo iliweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki.

Tanzania haikufika huko, na si kwa sababu ya utani peke yake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na shule za bweni pamoja na Jeshi la Kujenga Taifa vililaza vijana wa pande zote bwenini pamoja. Utani ulivikuta vyombo hivyo ukastawi ndani yake, hata timu za soka za Simba na Yanga zikaitwa watani wa jadi.

Siku hizi neno utani limehamia kwenye simu, na kila tusi la kabila hufuatwa na maelezo kwamba ni utani tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza matusi ya ubaguzi, lakini mila ina kipimo cha zamani zaidi, nacho ni jembe. Anayeandika kwamba Wagogo ni ombaomba, wala hana Mgogo hata mmoja ambaye angekwenda kumchimbia kaburi, huyo hatanii. Anasengenya.