Kamera za mtumba: Kagua lenzi kabla ya rangi

MAGAMBA, Lushoto – Mnunuzi wa kamera ya mtumba huanza kwa kutazama rangi. Akiona kona zimechubuka, hapo hapo huteremsha bei. Kwa kijana anayetia mtaji wake wote katika kamera moja ili apige picha za harusi na mahafali, kipimo hicho kinaweza kumtia hasara.

Wahasibu hukata uchakavu wa mali mwaka hadi mwaka. Kwa kamera, ni vema kutenga uchakavu wa sura na uchakavu wa kazi. Nikon F, iliyoingia sokoni mwaka 1959, ilikuwa na kifuniko cha shaba ya manjano. Rangi nyeusi ikilika, shaba huonekana, lakini mtambo wa ndani haupungukiwi kitu. Mwaka 2015 kampuni ya Leica ya Ujerumani iliuza hata seti 125 za kamera zilizokwanguliwa rangi kwa makusudi, na mchubuko ukawa sehemu ya bei.

Uchakavu wa kazi ni jambo jingine. Hapa Magamba adui ni ukungu, nao ni wa aina mbili. Wa kwanza hushuka kutoka msituni. Wa pili ni kuvu, anayeota ndani ya lenzi mfano wa utando wa buibui. Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa iliyotuama, yaani begi lililofungwa kabatini. Akikaa sana hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na hapo fundi akisafisha, alama hubaki. Ndiyo maana kamera inayong'aa iliyolala kabatini masika nzima yaweza kuwa mbovu kuliko ile iliyochubuka ikienda harusini kila Jumamosi.

Kwa kamera za dijitali, ulizia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa. Shata ya Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 ilipimwa kwa picha 150,000. Mwenye kupiga picha 1,000 kila harusi hufika hapo baada ya harusi 150. Hicho ni kipimo cha kiwanda tu. Nyingine hufa mapema, nyingine huendelea.

Kabla ya kulipa, mulika lenzi kwa tochi ukitazama upande wa pili. Piga picha ya ukuta mweupe utafute madoa. Kagua pia kishikio cha lenzi kama hakichezi, na kona kama hazikubonyea, maana kubonyea ni dalili ya kuanguka.

Ukishainunua, itumie mara kwa mara. Ikipumzika, iweke kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Rangi iliyochubuka itumie kuombea punguzo. Lenzi yenye kuvu mwachie muuzaji.