Mombo na Maji ya Pangani: Usalama wa Nishati Huanzia Misituni

Mji mdogo wa Mombo, uliopo Wilaya ya Korogwe mkoani Tanga, hufahamika na wasafiri wengi kuwa njia panda ya kupandia Lushoto. Hata hivyo, mji huo upo pia katika njia ya maji yanayozalisha umeme wa Taifa. Mto Soni hushuka hapo kutoka Milima ya Usambara, hunywesha mashamba ya mpunga, kisha maji yake huingia Mto Mkomazi na hatimaye Mto Pangani.

Mkondo huo wa Pangani ndio unaoendesha mitambo ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, iliyoanza kazi mwaka 1964. Mbele yake kuna kituo cha New Pangani Falls chenye megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995 kwa ufadhili wa Finland, Norway na Sweden.

Fedha za wahisani hujenga mitambo, lakini haziwezi kuleta mvua. Mwishoni mwa mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa na mito, nchi iliingia katika mgao wa umeme. Kwa wananchi wa Mombo, athari za ukame ni mbili: mpunga hukosa maji shambani, na mto hupeleka maji machache kwenye mitambo.

Miti ikikatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, mvua huporomosha udongo badala ya kuzama ardhini. Mafuriko hufuata masika, na mito hupungua kiangazi. Kwa sababu hiyo, nishati safi ya kupikia ni sehemu ya ulinzi wa vyanzo vya maji. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwezi Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wa mkutano uliofanyika Paris kutafuta fedha za kufikisha nishati hiyo kwa Waafrika.

Ushirikiano wa majirani nao una nafasi yake. Bonde la Pangani linavuka mpaka hadi Kenya, na Ziwa Jipe ni la nchi zote mbili. Aidha, njia ya umeme ya kilovoti 400 imeunganisha gridi za Tanzania na Kenya, hivyo upungufu wa upande mmoja unaweza kufidiwa na ziada ya mwingine.

Mikataba husainiwa katika miji mikuu, lakini matokeo yake hupimwa katika mifereji ya Mombo. Mkulima anayetumia maji kwa kiasi, na kaya inayoacha mkaa, huchangia usalama wa nishati sawa na mhandisi aliyepo kwenye mtambo.