Maporomoko ya Ardhi: Mvua Ikikatika, Hatari Haijakatika

  Leo tunazungumza juu ya maporomoko ya ardhi, na jinsi ya kuwakinga watoto wetu.

Msikilizaji, bila shaka unakumbuka alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, katika Kaunti yetu ya Nakuru. Takataka zilikuwa zimeziba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli. Maji yakajikusanya, na yalipopata upenyo yaliteremka na matope, mawe na miti hadi kijiji cha Kamuchiri. Zaidi ya watu 50 walifariki. Huko Pokot Magharibi, Novemba 2019, na Chesongoch, Elgeyo Marakwet, usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025, milima yenyewe iliporomoka. Mara zote hizo watu walikuwa wamelala.

Je, kwa nini mlima huporomoka? Fikiria rundo la mchanga. Likiwa na unyevu kidogo, linasimama. Ukilimwagia maji ndoo baada ya ndoo, linateleza. Vivyo hivyo mvua ikinyesha siku nyingi, udongo wa mteremko huwa mzito na haushikani tena. Mizizi ya miti husaidia kuushika, lakini pale miti ilipokatwa, udongo hauna wa kuushika. Jambo la kukumbuka ni hili: mvua ikikatika, maji bado yanaendelea kupenya ardhini. Mlima unaweza kuporomoka saa kadhaa baadaye, hata siku kadhaa, jua likiwa limewaka.

Zijue dalili zake. Nyufa mpya ardhini au ukutani. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama. Miti au nguzo za stima zimeanza kuinama. Chemchemi inatokea mahali ambapo haikuwepo. Mto unageuka matope ghafla, au maji yake yanapungua ilhali mvua bado inanyesha. Usifurahie maji kupungua. Huenda yamezibwa huko juu, na yatakuja kwa pamoja.

Ukiona dalili hizi, usingoje usiku. Mjulishe jirani, mzee wa kijiji au chifu, kisha wahamishe watoto, wazee na wagonjwa mapema. Ukisikia ngurumo kutoka mlimani, usikimbie kufuata bonde kwenda chini, kwa maana matope hufuata njia hiyo hiyo na yana mbio kukushinda. Kimbilia kando, upande ulioinuka. Acha vyombo, acha mifugo, shika watoto.

Mama, tahadhari pia njiani. Baada ya mvua kubwa usipite chini ya genge, na usivuke korongo lenye maji yanayokwenda kasi, hata kama mtoto umemfunga mgongoni kwa leso. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ikiwa njia ya shule inavuka korongo, afadhali mtoto akose masomo siku hiyo.

Msimu wa mvua ukianza, weka tayari mfuko mmoja karibu na mlango. Tia ndani kitabu cha kliniki cha mtoto, vyeti vya kuzaliwa, dawa za kila siku za mgonjwa, tochi, blanketi na pakiti za ORS.

Baada ya maporomoko, usirudi nyumbani kuchukua vitu hadi wakuu wakuruhusu, kwa maana udongo unaweza kushuka tena. Maji ya visima na mito huwa yamechafuka, kwa hivyo chemsha ya kunywa au yatie dawa. Mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya. Aliyekatwa na bati au mawe aoshwe kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha apelekwe kwa daktari, kwani huenda akahitaji chanjo ya pepopunda. Ili kupata msaada wa dharura, piga simu Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199. Ni bure.

Leo jioni, kabla ya kulala, ulizaneni nyumbani: mlima ukishuka usiku huu, tutakimbilia upande gani? Hakikisha hata mtoto mdogo anajua jibu. Hadi kipindi kijacho, kaa salama.