Kompyuta mpakato si ya kupakata: Mlinde mwanao na joto la laptopu

Kwa familia nyingi zinazoishi vyumba vya kupanga Gerezani, kitanda ndicho meza ya kusomea. Mtoto akirudi shule anapanda kitandani, anaweka laptopu mapajani na kuanza kazi aliyopewa na mwalimu. Nusu saa baadaye feni ya kompyuta inavuma kama mashine ya kusaga, na yeye wala hana habari.

Mdogo wangu wa kidato cha nne alikuwa hivyo hivyo. Laptopu yenyewe ilikuwa iliyotumika, tuliyoinunua Kariakoo. Mama ndiye aliyegundua, siku anampima gauni la sikukuu: paja la kushoto lilikuwa na michirizi ya rangi ya kahawia iliyopishana kama wavu. Tulidhani ni fangasi, tukapaka dawa wiki mbili bila mafanikio. Daktari wa ngozi alipomwona hakuuliza habari za sabuni wala chakula. Alimuuliza anakaaje anapotumia kompyuta.

Si kuungua, lakini ni joto

Hali hii madaktari wanaijua tangu zamani kwa wazee wanaoota moto na kwa wapishi. Huletwa na joto lisilotosha kuunguza papo hapo, takriban nyuzi 43 hadi 47 za Selsiasi, linaloigusa ngozi mara kwa mara kwa wiki au miezi.

Mwaka 2010 madaktari Andreas Arnold na Peter Itin wa Basel, Uswisi, waliandika katika jarida la Pediatrics kuhusu mvulana wa miaka 12 aliyepata alama hizo paja la kushoto. Alikuwa akicheza gemu saa kadhaa kila siku, laptopu ikiwa mapajani. Alihisi upande huo unapata moto, lakini hakubadili mkao.

Joto likiondolewa mapema, alama hufifia taratibu. Likiendelea kwa miaka, zinaweza kubaki moja kwa moja, na kwa nadra sana ngozi hiyo hupata saratani. Kidonda au uvimbe ukitokea hapo, mpeleke hospitali.

Akina baba na vijana wa kiume nao wasikilize. Utafiti wa Yefim Sheynkin na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2005, uliwapima wanaume 29. Baada ya saa moja na laptopu mapajani, joto la korodani lilipanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Hilo halithibitishi ugumba, lakini mbegu za kiume hutengenezwa vizuri kwenye ubaridi kidogo kuliko mwili.

Kwa nini inachemka?

Godoro huziba matundu ya hewa. Vumbi hujaa kwenye feni. Katika laptopu ya miaka mingi, pesti inayosafirisha joto kutoka kwenye prosesa hukauka. Ongeza joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi, mashine haina pa kupumulia.

Punguza kasi ya prosesa

Hili unaweza kulifanya mwenyewe, bure. Kwenye Windows, fungua “Control Panel”, ingia “Power Options”, kisha “Change plan settings” na “Change advanced power settings”. Tafuta “Processor power management”, halafu “Maximum processor state”. Badili 100 iwe 99, upande wa betri na upande wa umeme.

Asilimia moja inaonekana ndogo, lakini prosesa nyingi zina kasi ya ziada ambayo huzimika ukishuka chini ya 100. Kasi hiyo ndiyo inayodai umeme mwingi na kutoa joto kubwa. Kwa kusoma na kuandika, mtoto huenda asione tofauti. Gemu nzito ndizo zitakazokuwa taratibu. Ikiendelea kuchemka, shusha hadi 80. Usipoipata sehemu hiyo, nenda “Settings”, “System”, kisha “Power”, uchague “Best power efficiency”. Ukitaka, unarudisha ilivyokuwa.

Lakini usiishie hapo

Kupunguza kasi hakuondoi vumbi. Mwambie fundi asafishe feni na abadilishe pesti. Laptopu ikae juu ya stuli, meza au ubao mgumu, isikae kwenye mto wala godoro, hasa ikiwa inachaji usiku.

Ukiona sehemu ya chini imetuna, au kibodi imeinuka, huenda betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi. Betri hiyo inaweza kushika moto.

Jina lenyewe limetuponza: mpakato, kama mtoto anayepakatwa. Mdogo wangu sasa anasomea kwenye stuli. Alama zimefifia ila hazijaisha, na Mama bado anamkagua kila Jumamosi. Nawe leo jioni mwangalie mwanao mapajani, kisha uguse laptopu yake kwa chini. Ikiwa mkono hautulii hapo, ngozi yake nayo isikae hapo.