Safu ya Mbele Haijumlishwi kwa Majina

Kwa majuma kadhaa sasa mabaraza ya mji wetu wa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, yameshughulishwa na mechi ambayo haitachezwa kamwe. Wazee wa baraza moja la kahawa na vijana wa baraza jirani walikubaliana kuchagua kwa zamu, jina baada ya jina, timu mbili za wachezaji wa Tanzania wa zama zote, kisha kuzipambanisha kwa maneno katika uwanja wa Mkwakwani. Walinda mlango hawakuleta taabu, wala mabeki. Ugomvi, kama ilivyo ada ya ugomvi wa mpira, ulianzia kwenye safu ya mbele. Nao umevuka mkondo wa Pemba pamoja na abiria, hata ndugu zetu wa Wete na Chake Chake wametuletea salamu zenye makali ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba gazeti lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Sisi hatuoni hivyo. Jambo linalowaketisha pamoja mvuvi, mwalimu, karani na mkulima wa mkonge, kila mmoja akijenga hoja na kusikiliza ya mwenzake, si jambo dogo. Tena ndani ya mjadala huu tumeona funzo linalowahusu wananchi na viongozi wao. Kwa hiyo tumeonelea tuingie barazani, tupime safu hizo mbili kwa haki, kisha tuseme lililotukera.

Tuanze na wazee. Jina lao la kwanza lilikuwa Peter Tino. Hawakuhitaji kulieleza. Mwezi wa Agosti 1979, Taifa Stars ilikwenda Ndola, Zambia, ikiwa na ushindi wa goli 1-0 ilioupata Dar es Salaam. Wenyeji walipata goli lao, na matumaini yetu yakaanza kuyeyuka, mpaka Tino aliposawazisha katika dakika za mwisho na kuipeleka nchi hii kwa mara ya kwanza katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Kando yake wazee walimweka Thuwein Ally, na nyuma yao kiungo Juma Mkambi. Kwa ukocha hawakwenda mbali: walimchagua marehemu Joel Bendera, aliyeiongoza timu ile katika safari ya kufuzu, na ambaye miaka mingi baadaye watu wa Korogwe Mjini walimpeleka Bungeni.

Vijana nao hawakusita. Walianza na Mbwana Samatta, aliyetunukiwa Januari 2016 tuzo ya Mchezaji Bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara hili, akiwa TP Mazembe ya Lubumbashi. Aliyetwaa ubingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019. Na aliyekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa Aston Villa mwaka 2020. Wa pili wakamtaja Simon Msuva. Wa tatu wakamchukua kutoka visiwani: Khamis Musa Makame, aliyefunga magoli yote mawili ya Zanzibar katika fainali ya Kombe la Chalenji huko Machakos, Desemba 2017. Zanzibar ilisawazisha mara mbili dhidi ya Kenya, matokeo yakawa 2-2, na kombe likaondoka kwa mikwaju ya penalti tu. Wala ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawatatusamehe tusipokumbusha kwamba katika mashindano hayohayo waliifunga timu ya Bara 2-1.

Kwa majina matupu, mizani inaelemea upande wa vijana. Hakuna mshambuliaji wa Lagos aliyepata kuvaa jezi za Ulaya za hadhi ile. Lakini mpira hauchezwi kwa majina, na hapo ndipo tulipoomba tarakimu ziletwe.

Mwaka 1980 fainali zilikuwa na timu 8 tu kwa Afrika nzima. Mwaka 2019, Taifa Stars iliporudi baada ya miaka 39, timu zilikuwa 24. Kule Nigeria timu yetu ilifungwa na wenyeji 3-1, goli letu likiwa la Mkambi. Ikafungwa na Misri 2-1, goli likiwa la Thuwein. Ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, mfungaji akiwa Thuwein tena. Kule Misri mwaka 2019 tulifungwa na Senegal 2-0, tukafungwa na Kenya 3-2 ingawa Msuva na Samatta walitutanguliza mara mbili, tukafungwa na Algeria 3-0. Basi Lagos ilileta magoli matatu na pointi moja. Cairo ikaleta magoli mawili bila ya pointi. Haki inatutaka tuongeze kwamba Algeria na Senegal ndizo zilizokutana katika fainali ya 2019. Lakini Nigeria nayo ndiyo iliyotwaa kombe la 1980, na Misri ikamaliza ya nne, na timu zote mbili zilifungwa goli na Watanzania.

Kwa nini safu yenye majina madogo iliweza kufunga zaidi ya safu yenye majina makubwa? Jibu letu ni kwamba safu ya mbele haijumlishwi kama senti mfukoni. Ni uzi. Mmoja huubeba mpira, wa pili huvuta mabeki, wa tatu humaliza. Uzi ukikatika popote, kilichobaki ni vipande. Vijana wa Lagos waliishi na kucheza ligi ndani ya nchi, wakakutana kila juma ama kama wenzi ama kama wapinzani. Samatta alikuwa Ubelgiji na Msuva alikuwa Morocco. Walikutana kwa siku chache za kambi, kisha kila mmoja akarejea alikotoka. Huo si upungufu wao. Ni hali ya mpira wa leo, na anayechagua timu ya ndoto hana budi kuihesabu.

Ushahidi mkubwa kabisa wa hoja hii haumo katika kandanda, bali katika mpira wa magongo, mchezo ambao Afrika Mashariki iliuonja kutoka kwa bingwa wake mkuu. Dhyan Chand wa India alikuja katika nchi zetu mwishoni mwa 1947 na kubaki hadi mwanzoni mwa 1948, akiwa na umri wa miaka 42, na bado alifunga magoli 61 katika mechi 22. Lakini hata yeye hakuwa peke yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932, India ilifunga magoli 35 katika mechi mbili, 11 dhidi ya Japani na 24 dhidi ya Marekani. Kati ya hayo, Dhyan Chand alifunga 12, na mdogo wake Roop Singh akafunga 13. Ndugu wawili waliokulia nyumba moja walibeba magoli 25 ya timu nzima. Yeyote atakayemchagua mkubwa na kumwacha mdogo amechagua nusu ya mkasi.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Kwa mchezaji mmoja mmoja, Samatta hana mpinzani katika orodha zote mbili. Kwa safu nzima, tunaipa kura safu ya Lagos, tena kwa tofauti ndogo, na tunawaomba vijana wasinune. Wakimwondoa mmoja wa nyota wao na kumweka mtumishi, yaani mtu wa kutoa pasi na kufungua njia, huenda tukaibadili kura hiyo juma lijalo.

Sasa tuje kwenye lililotukera.

Orodha zote mbili ziliandikwa Tanga, na watu wa Tanga, kwa ajili ya mechi ya Mkwakwani. Lakini hakuna hata moja iliyotaja mshambuliaji wa Coastal Union ya 1988, timu iliyouleta ubingwa wa Ligi Kuu katika mji huu. Hakutajwa Juma Mgunda, aliyekuja kuwa kocha wa Coastal hiyohiyo na kisha kuiongoza Simba mwaka 2022. Hakutajwa Razak Yusuf, ambaye mashabiki walimpachika jina la Careca, mshambuliaji wa Brazil. Hakutajwa mtu wa African Sports, klabu ambayo kwa miaka mingi ilifanya mechi ya watani wa Tanga iwe sikukuu ya mji mzima. Na katika salamu za visiwani pia, hakuna aliyetaja washambuliaji wa Zanzibar iliyotwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi waliocheza kwetu tumewasahau, tukawakumbuka waliochezea mbali.

Tulipouliza sababu, jibu lilikuwa jepesi na la kuhuzunisha. Kijana mmoja alituambia kwa adabu: "Wazee wangu, nitamchaguaje mtu nisiyejua amefunga mangapi?" Tukawageukia wazee watatu walioshuhudia ligi ya 1988 kwa macho yao. Kila mmoja alitupa hesabu yake, na kila mmoja alikuwa tayari kula yamini. Hakuna aliyekuwa na ukurasa wa kutuonyesha.

Hebu ndugu wasomaji wapime jambo hili. Mwaka huohuo wa 1980, timu ya Tanzania ya mpira wa magongo ilikwenda kwenye Olimpiki ya Moscow, ambako mataifa mengi yalikuwa yamesusia. India ilitufunga 18-0. Katika mechi tano za kundi tulifungwa magoli 54 na kufunga 3. Tunazijua tarakimu hizo moja moja, kwa sababu wenyeji wa michezo ile waliziandika. Basi kushindwa kwetu ugenini kumehifadhiwa na wageni kwa uaminifu, lakini furaha yetu nyumbani tumeiacha katika vifua vya wazee, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Kila maziko tunayohudhuria, kuna magoli yanayozikwa pia.

Sisi tuliokaa chuoni tukiwa wadogo tulifundishwa kwamba deni kati ya watu wawili liandikwe, tena mwandishi aandike kwa uadilifu, asipunguze kitu. Na methali ya mababu zetu, watu wa biashara ya pwani, inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sifa ya mchezaji ni mali, na jamii iliyoshangiliwa uwanjani ina deni kwake. Deni hilo halilipwi kwa kelele za barazani.

Kwa hiyo tunayo maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kwa maofisa utamaduni na michezo wa wilaya zetu, kutoka Mkinga hadi Pangani, na wenzao wa Unguja na Pemba: waketi na wachezaji wa zamani walio hai, wawasikilize, walinganishe maneno yao na magazeti ya miaka ile, na kilichothibitika kiwekwe maktaba ambapo mtoto yeyote atakisoma. La pili ni kwa vilabu, vikubwa na vidogo: kila klabu iwe na daftari la mechi, lenye tarehe, mpinzani, mfungaji, na yule aliyetoa pasi ya goli. Pasi tumeitaja kwa makusudi, maana daftari linaloandika mfungaji peke yake litatufundisha tena kujumlisha majina. La tatu ni kwa walimu wanaosimamia UMITASHUMTA na UMISSETA. Safu ya mbele ya kesho inakimbia leo pekupeku katika viwanja vya shule za msingi. Ianze kuandikwa sasa, kabla haijawa na umaarufu.

Viongozi wetu wasilione jambo hili kuwa la mchezo. Ofisi inayojua idadi ya miche ya mikarafuu na marobota ya mkonge, lakini haijui ni nani waliowapa watu wake furaha, imeacha ukurasa mmoja wazi katika hesabu zake.

Ama mechi ya Mkwakwani, tunaambiwa itaendelea kuchezwa jioni hii baada ya sala ya Isha. Tumewaomba wazee na vijana waruhusu timu ya tatu iingie uwanjani, yenye safu ya Coastal ya 1988, na ya nne kutoka visiwani, yenye watu wa 1995. Wamekubali kwa sharti moja: kila atakayetaja goli, alitaje pamoja na mwaka wake na mpinzani wake. Mmoja wa vijana amekwisha nunua daftari.