Usingizi wa Mama Hedhi Ikomapo

Usiku wa Juni na Julai huku Mbeya na Iringa una baridi kali. Hata hivyo mama wa miaka 45 hadi 55 aweza kuamka ametota jasho, akatupa blanketi, na punde akatetemeka. Huu si uchawi wala wazimu. Hedhi ikaribiapo kukoma, homoni za kike hupungua, na ubongo hukosea kuupima ujoto wa mwili. Ndipo usingizi hukatika.

Basi enyi waume, msinung'unike. Mpeni mama mablanketi yake mwenyewe. Mawili mepesi ni bora kuliko moja zito. Avae nguo ya pamba. Chai ya Mufindi na kahawa ya Mbozi anywe asubuhi, si jioni. Alale na kuamka saa zile zile kila siku.

Lakini jasho la usiku likifuatana na kikohozi, homa au kukonda, na apimwe hospitali, maana laweza kuwa la kifua kikuu au malaria. Tena damu ikitoka baada ya miezi 12 bila hedhi, asikawie kwenda, wala asione haya kumweleza daktari.